Mchezo wa Kutafuta Ngazi

Mhandisi mzungu aliyekuwa jirani yetu aliondoka Likasi, mji wetu wa migodi, asubuhi moja baada ya uporaji wa wanajeshi, yeye na mke wake na masanduku mawili, akatuachia mbwa na kompyuta. Mbwa alikuwa amezoea kula nyama. Sisi nyama tulikuwa tumeisahau, kwa hiyo hakukaa sana; alihamia kwa kanali mmoja wa jirani na nasikia alinenepa. Kompyuta haikuwa na pa kuhamia.

Kaka yangu mkubwa, ambaye mpaka leo namwita yaya kama ilivyo desturi kwetu, alikuwa mchoraji wa mitambo katika ofisi ya kiwanda. Ofisi haikufungwa rasmi. Miaka ile hakuna kilichofungwa rasmi, vitu vilikauka tu. Yaya aliendelea kwenda kazini na shati lililopigwa pasi, anakaa mbele ya meza yake ya kuchorea, anakosa cha kuchora, anarudi. Siku aliyokuta meza yenyewe imeibwa, akaona kwamba sasa ana ruhusa ya kubaki nyumbani. Ndipo akaigeukia kompyuta ya mzungu.

Ilikuwa kisanduku cha rangi ya maziwa yaliyochacha, chenye kioo kidogo kama sahani, cheusi na cheupe tu. Kilikuwa na kile kidude cha kusogezea mshale, ambacho Wafaransa wanakiita panya. Mara ya kwanza mama alipotusikia tunagombania panya sebuleni, alikuja na ufagio.

Pamoja nayo tulipewa boksi la biskuti lililojaa disketi. Kumbe mhandisi alikuwa na mapenzi yake ya siri: alikusanya michezo ya kompyuta iliyotengenezwa na watu ambao kutengeneza michezo hakukuwa kazi yao. Alikuwepo mwalimu wa shule, alikuwepo karani wa posta, alikuwepo mfamasia mmoja. Watu wa nchi za baridi waliojifungia ndani wakachora vyumba na milango, kisha wakatumiana kwa posta. Kila mchezo ulianza kwa maneno yaleyale: huu ni wa bure, mpe na rafiki yako. Sisi neno bure tulikuwa tunalisikia kanisani tu, tena muda mfupi kabla ya kapu la sadaka kupitishwa, kwa hiyo tulianza kwa wasiwasi.

Namna ya kucheza ilikuwa rahisi. Unaonyeshwa picha, tuseme ya chumba. Unapeleka mshale kwenye droo, unabonyeza, droo inafunguka, ndani mna kijiko. Unachukua kijiko. Huko mbele utakutana na mtu anayetaka kijiko, naye atakupa kamba, na kwa kamba hiyo utashuka dirishani. Hakuna bunduki, hakuna kukimbizana. Bunduki na kukimbizana tulikuwa navyo nje.

Mchezo wa karani wa posta ningeucheza hata leo. Unapanga chumba ghorofa ya tatu kwa mama mmoja mkali asiyetaka muziki, na kazi yako ni kupandisha piano mpaka juu bila yeye kujua. Tulicheka mpaka majirani wakadhani tumepata pesa. Wa mfamasia ulikuwa mzuri zaidi, mchezo wa polepole, juu ya mlinzi wa mnara wa taa aliyetoweka akaacha chai yake mezani, bado inatoa mvuke. Wa mwalimu haukufaa. Mtu amefungiwa katika jiko lake mwenyewe, na ili atoke lazima ampe panya jibini, panya atafune uzi, uzi uangushe sufuria, sufuria igonge kitasa.

Mama, aliyekuwa amesimama nyuma yetu na mwiko wa bukari, ugali wetu, mkononi, aliutazama mpaka mwisho.

"Uyu muntu iko na jibini," alisema. "Iko na mukate. Iko ndani ya nyumba, na inje mvula inanyesha. Sasa anataka kutoka juu ya nini?"

Yaya akasema hiyo ndiyo shida ya mchezo, mama.

"Ile haiko shida. Hana hata jirani wa kumuitika?"

Nafikiri ni maneno hayo yaliyomfanya yaya aanze mchezo wake. Katika kompyuta ileile mlikuwa na programu ya kutengenezea: unachora kadi moja, unaweka kitufe mahali fulani pa picha, na anayekibonyeza anapelekwa kwenye kadi nyingine. Mtu aliyechora pampu za asidi kwa miaka mingi hakuona ugumu wowote. Kila umeme ulipokuwepo, na kwetu ulipenda kuja adhuhuri na kuondoka wakati wa kupika, yaya alikaa pale akichora Likasi kwa nukta nyeusi: barabara zenye mijakaranda, bomba la moshi lisilotoa moshi, maduka yenye vyuma milangoni na rafu tupu ndani.

Kisa chake kilikuwa hiki. Barabara moja haina umeme kwa sababu fyuzi ya kwenye nguzo imeungua. Watu wa umeme wanayo fyuzi, ila hawana ngazi. Wazima moto walikuwa na ngazi, ila waliwaazima mapadri. Mapadri wamemwazima shefu wa mtaa, yaani kiongozi wake, naye ameiegemeza kwenye nyumba yake kwa sababu anatengeneza paa. Wewe mchezaji kazi yako ni kuipata ngazi. Unamkuta shefu amelala kitini. Ukimbonyeza anafungua jicho moja na kusema, "Utarudia kesho." Ukimbonyeza tena anasema vilevile. Unaweza kumpa kijiko, unaweza kumpa kamba, unaweza kumpa kitambulisho chako. Kesho.

Jibu lilikuwa kuku. Kuku yuko katika kadi ya soko la Kikula, chini ya meza ya muuza nyanya, na kumpata ni kazi nyingine. Kadi hiyo ya soko aliiandika mama. Yaya alichora, mama akasema maneno kutoka jikoni, mimi nikayaandika. Ukiminya nyanya bila kununua, muuzaji alikutukana. Ukiminya mara ya pili alimtukana aliyekuzaa. Mama alikuwa na akiba ya matusi ya mara ya saba. Majirani walianza kuja kucheza, na wengi hawakutaka kwenda mbele, walibaki sokoni wakiminya nyanya.

Watu wakija kwako, maneno yanatoka. Siku moja baada ya misa ya pili shefu wa mtaa wetu mwenyewe alibisha hodi, na kijana wake wa ofisi nyuma yake. Mama akamfutia kiti, akampa maji.

"Banasema mu mashini yenu muko sura yangu," shefu alisema.

"Iko mutu tu, shefu," yaya alijibu. "Haina jina."

"Tuone."

Umeme, ambao siku nyingine zote ulikuwa adui, ulikuwepo. Yaya akawasha. Shefu alikaa, akashika panya kama mtu anayeshika jiwe la moto, akaanza kutembea katika mji wake. Alipita sokoni, akatukanwa, akafurahi. Alimchukua kuku bila sisi kumwambia yuko wapi. Kisha akafika kwenye kadi ya stesheni.

Lazima niseme neno juu ya kadi hiyo. Mwaka uliotangulia watu waliozaliwa hapahapa, ambao kosa lao lilikuwa babu zao kutoka Kasai, walifukuzwa majumbani, wakalala stesheni kwa miezi wakingoja treni za kuwaondoa, na wengine wakazikwa kabla treni haijafika. Rafiki wa yaya, aliyekaa meza ya pili ofisini, aliondoka hivyo na watoto wake. Yaya alichora jukwaa la stesheni tupu, kwa uangalifu kuliko kadi nyingine zote, na hakuweka kitufe hata kimoja. Unabonyeza popote, hakuna kinachotokea. Na nyumba aliyokuwa anakaa shefu wa kweli, ile aliyokuwa anaitengenezea paa, mwaka uliotangulia ilikuwa na mwenyewe mwingine.

Shefu alibonyeza benchi. Akabonyeza reli. Akabonyeza saa ya ukutani.

"Hapa hakuna kintu?"

"Hakuna, shefu," yaya alisema. "Bote balishaenda."

Shefu hakusema neno. Mgongo wake ulibaki umenyooka. Akarudisha mshale pembeni, akatoka stesheni, akaendelea na safari yake mpaka kwenye ile nyumba yenye ngazi, na hapo akajiona: tumbo, kofia, mdomo wazi, usingizi. Kijana wa ofisi akaanza kutazama dari.

Hapa nataka mnielewe. Mimi na yaya tulichukua siku mbili kubishana jibu la mahali hapo liwe nini. Majirani waliocheza walikwama kwa shefu hata wiki. Mwalimu wa hesabu alikwama, akasema mchezo umeharibika. Shefu hakubonyeza mara mbili. Alimchukua yule kuku moja kwa moja, akajipa.

Yule wa kwenye kioo akafungua macho yote mawili na kusema, "Beba ngazi, mwana."

Shefu wetu akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia hoja nzuri. Kisha akageuka kwa yaya, na uso wake ulikuwa na masikitiko ya kweli.

"Ile kiti haiko yangu."

"Pardon, shefu?"

"Kiti yangu iko na mikono. Weye umeniikalisha pa kiti ya mutu wa bure. Utatengeneza. Na kravati."

Akaaga, akamshukuru mama kwa maji, akaondoka. Mama aliingia jikoni, akafunga mlango, na sauti iliyotoka humo sitaisahau. Alicheka mpaka akaanza kukohoa.

Yaya aliongeza mikono ya kiti. Aliongeza na kravati, yaani tai, iliyokuwa nukta nane. Shefu akaja na mke wake kumwonyesha, halafu akaja na shefu wa mtaa wa pili, ambaye aliumia sana kwamba yeye hayumo. Basi akawekwa. Baada ya hapo hatukupumua. Mchungaji wa kanisa la uamsho, lililokuwa linakesha kwa ngoma nyuma ya nyumba yetu, alituletea ujumbe kwamba haifai mji mzima uwe ndani ya mashini bila mtumishi wa Mungu, na kwamba ngazi ingeweza kupatikana kwa maombi. Yaya akamweka. Ukimbonyeza alikuombea vizuri sana, na ngazi ilibaki kwa shefu. Mchungaji alicheza, akaridhika. Aliona maombi, ngazi hakuiangalia.

Kumbe hilo ndilo lililomchosha yaya. Alitaka kuuma watu, nao wakawa wanakuja kujipanga foleni ili waumwe, wakiwa wamevaa suti. "Miye nilizani batakasirika," aliniambia. Nilimwambia angalau mmoja alinyamaza. Alijua nasema siku gani, na kadi gani.

Mtawa mmoja wa shule nilikokuwa nafundisha alikuwa anakwenda likizo kwao Ulaya. Yaya alimpa disketi yenye mchezo na tafsiri ya Kifaransa niliyoifanya mimi, ampelekee yule mfamasia wa mnara wa taa, kwa sababu anwani yake ilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza. Hatukutegemea kitu. Posta yetu wenyewe wakati ule ilikuwa inauza mkaa. Lakini mtawa aliporudi, mvua za kwanza zikiwa zimeshaanza, alikuwa na jibu la mfamasia, kurasa mbili za mwandiko mdogo, wa adabu.

Nililisoma kwa sauti, natafsiri kadiri ninavyokwenda. Mfamasia alisema michoro imemtoa machozi. Alisema soko ni kadi bora aliyowahi kuona katika mchezo wowote wa bure, na kwamba mke wake sasa anajua kutukana kwa lugha ya mbali. Hata hivyo, kama rafiki, aliona kasoro. Kwanza, haaminiki mtaa mzima kukosa umeme kwa sababu ya ngazi moja. Pengine ingefaa kuwe na mtu mwovu aliyeiiba kwa makusudi. Pili, yule mzee wa kitini anasema kesho mara nyingi mno, na mchezaji hana subira isiyo na mwisho. Mwishoni aliongeza, kwa aibu, kwamba amekwama hapohapo tangu mwanzo, na je, tungeweza kumdokezea?

Mabega ya yaya yakatikisika, nikadhani analia.

"Mutu mubaya," alisema. "Nitamuweka wapi? Viti vyote viko na bantu."

"Mwambie akuye," mama alisema. "Akuye aikale hapa wiki moja tu. Atamaliza ule muchezo."

Yaya alimwandikia mfamasia jibu, kuku na yote, lakini mtawa hakwenda tena likizo, na sijui kama mtu yule alipata kupita pale. Kioo cha kompyuta kilizima msimu wa mvua uliofuata. Yaya alikifungua, akakipuliza, akakifunga, akafanya hivyo kwa mwezi mzima, kisha akavuka kwenda Kitwe, ng'ambo ya mpaka, alikopata kazi ya kuandika mabango ya maduka. Anaandika bado. Saluni, vipuri, jeneza kwa bei nafuu, herufi zake zimenyooka kama bomba.

Disketi zilibaki kwangu katika boksi lilelile, zikaota ukungu mweupe. Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alizipeleka Lubumbashi kwa mtu mwenye mashine za kusoma vitu vya kale. Alirudi akasema ule wa piano umefunguka. Wetu haukufunguka. Nilimuuliza na ule wa jikoni, wa mwalimu? Akasema huo ndio mzima kabisa, kila kadi.