Kamembe–Gisenyi "dakika ishirini na tano kwa ndege": ndivyo nilivyokosa kumuzika mama

Wakuu, amani kwenu. Shule nilitoka mapema, donc mutanivumilia uandishi. Lakini hapa siongezi kitu, na majina nitataja.

Mi naishi Kamembe, nauza vitambaa. Kwetu ni Gisenyi, pale Nengo.

Ule mwaka mubaya, wa mauaji, nilibaki na mama tu. Baba na dada zangu sikuzika hata mumoja. Walipolala sijui mpaka leo.

Mama alikuwa ananiambia, "Mimi utanizika wewe. Ushuke ndani ya kaburi mwenyewe, unipokee."

Hiyo tu ndiyo niliomba katika maisha.

Mwaka jana, alfajiri, akaondoka. Idi, mutoto wa baba mukubwa, ndiye alinipigia simu. Sisi Waislamu maiti hatulazi, munajua. Akasema watazika alasiri.

Bon. Nikapanda basi ya kwanza, ile ya kupita Karongi. Barabara ni kona tupu, lakini alasiri ningeiwahi.

Dereva hajawasha, simu ikalia. Hamadi, shemeji ya Idi. Anakaa Kigali, mutu wa simu kubwa.

"Kaka, shuka! Unabebwa na basi kama gunia ya viazi ya Bugeshi? Nimeangalia kwa mtandao. Airport ya Kamembe mpaka airport ya Gisenyi, kilomita tisini na tano. Dakika ishirini na tano, umefika!"

"Ndege inatua Gisenyi siku hizi?"

"Imeandikwa! Idi huyu hapa kwa line, muulize."

Nikasikia Idi anakohoa. "Fanya vile Hamadi anasema. Tutakungoja."

Nikashuka.

Wakuu, zile website zinapiga mustari tu, kiwanja hadi kiwanja, zinahesabu mbio za ndege. Kama ndege yenyewe iko, haziulizi.

Pale airport dada wa tiketi akaniangalia kwa huruma. "Mzee, ya Gisenyi haiko. Tangu nianze kazi sijaiona. Iko ya Kigali, na leo imejaa."

Nikarudi stendi na pikipiki. Basi ingine ikatoka jua iko juu. Njia yote ziwa iko kushoto kwangu, imetulia, kama hakuna mutu amekufa.

Tukiwa Karongi Idi akapiga. "Kaka, sheikh hawezi kungoja tena."

Nilifika giza imeingia. Udongo mubichi. Aliyeshuka kumupokea mama ni Idi.

Nikamuuliza mbele ya watu, "Idi, duka yako si inaangalia kile kiwanja cha ndege?"

"Ndiyo, kaka."

"Abiria umeona wanashuka pale lini?"

Akaangalia miguu yake. "Sijaona. Lakini Hamadi alikuwa na uhakika sana, na simu niliiweka kwa sauti, wageni wa musiba walikuwa wanasikia. Nikaona haya kumubisha."

Eti haya!

Hamadi ni mujinga, huyo nitamuacha. Lakini Idi alijua. Kila asubuhi anafungua mulango anaona nyasi.

Nilichojifunza: ukiwa na musiba, usiulize mutu wa mbali njia ni dakika ngapi. Panda kile kinachoondoka. Na wewe unayejua, sema, hata kama mwenye simu kubwa atanuna.

Idi amenitumia wazee mara mbili tusameheane. Nimekaa kimya.

Nyinyi mungefanya nini? Pole nimepewa nyingi, hizo muziache. Niambieni kama kuona haya ni sababu ya kutosha nimusamehe.