Bafu Lililozibwa Dirisha

Mwanne alikuwa mjane wa kijiji cha Busi, huko Kondoa, mkulima wa ulezi na alizeti. Kwa miaka mingi alikataa kuhamia mjini. Binti yake wa pekee, Sabiha, fundi cherehani wa Area D jijini Dodoma, alimbembeleza bila mafanikio, hadi magoti ya mama yalipoanza kumgomea.

Sabiha na mumewe Abdulrahim, karani wa ofisi moja kule Mtumba, walihama chumba chao wenyewe wakampa mama, kwa sababu ndicho kilichokuwa na bafu la ndani. Hawakutaka ahangaike kutoka nje kila anapotaka kutawadha. Zamani bafu hilo lilikuwa na kidirisha. Wezi walipouchana wavu wake, Abdulrahim alimwita fundi, akakiziba kwa tofali na kupiga plasta. Dodoma ni nchi kavu. Nani angewazia unyevu?

Kipupwe kilipoingia, Mwanne alitawadha kwa maji ya moto kila swala, na mvuke ukakosa pa kutokea. Ulitanda darini, ukachuruzika ukutani, ukaingia chumbani kila mlango ulipofunguliwa. Madoa meusi ya kuvu yakaanza kwenye kona za bafu. Sabiha aliyasugua, yakarudi. Akapaka rangi juu yake, yakatokeza tena, yakafika nyuma ya kabati na hata upande wa chini wa msala wa kuswalia wa mama yake.

Mwanne akaanza kukohoa. Walidhani ni vumbi la upepo wa Julai, kwa hiyo Sabiha akamfungia na dirisha la chumbani. Kikohozi kikageuka kubanwa na pumzi. Hospitalini, daktari aliuliza mgonjwa analala wapi, kisha akawaeleza kwamba kifua kama kile hakiwezi kupona katikati ya kuvu. Bafu lipate hewa, sakafu isiachwe na maji, na mama alale kwingine.

Waliporudi nyumbani, Sabiha alimuuliza mama yake kwa nini hakusema.

"Harufu niliisikia tangu nilipofika," Mwanne akajibu. "Lakini mlinipa chumba chenu, mwanangu. Ningeanzaje kukilalamikia?"

Sabiha alitaka mama ahamie chumba cha wajukuu wakati wa ukarabati. Mwanne akaomba arudi Busi apumzike kwanza, akaahidi kuja tena kazi ikiisha. Abdulrahim akampeleka, Sabiha akabaki na fundi. Dirisha likarudishwa, kubwa kuliko la kwanza, na juu karibu na dari likatobolewa tundu la hewa lenye feni ndogo ya kuvuta mvuke. Kuta zikakwanguliwa na kuachwa zikauke kabisa kabla ya kupakwa rangi. Sabiha aliwafundisha watoto kukausha sakafu kila baada ya kuoga na kuliacha dirisha wazi. Akanunua godoro jipya, akalitandika vizuri, ndipo akapiga simu Busi kumwambia mama aje.

Simu ilipokewa na jirani. Mwanne alikuwa amebanwa na kifua alfajiri ile, akakata roho njiani wakimkimbiza zahanati.

Walisafiri hadi Busi, wakazika siku hiyohiyo, alasiri. Watu walipopungua, Abdulrahim alikuja kukaa karibu na mkewe kwenye jamvi.

"Mimi ndiye niliyeliziba lile dirisha," alisema.

Sabiha alijua neno alilopaswa kumwambia. Lakini alikuwa akifikiria dirisha la pili, la chumbani, lile alilolifunga kwa mkono wake mwenyewe, huku mama akimtazama kutoka kitandani na kusema ahsante.

"Tulimpenda," alisema.

Abdulrahim akaweka mkono wake juu ya wa mkewe. Sabiha hakuuondoa, lakini hakuushika pia. Walikaa vile, kila mmoja na lake, mpaka jirani alipokuja kuwaambia kwamba wageni wa mbali wanaondoka na wangependa kuwaaga.