Halabaluu ya Mama

Enzi zetu, sisi tuliofika London wadogo pamoja na wazee waliokimbia Unguja baada ya mapinduzi, Idi ilianza kwa simu. Mbingu ya huku ni mawingu matupu, basi baba alikaa kwenye ngazi ya nyumba yetu ya Walthamstow, simu sikioni, akingoja habari za mwezi, na jamaa wote wamebanana wakimtazama mdomo. Akisema tu "Umeonekana!", wanawake walipiga vigelegele mpaka vioo vikatetemeka.

Mwaka wetu wa kwanza, jirani wa ukuta kwa ukuta, mjane wa Kiingereza tuliyemwita Bi Doroti, alikuwa hajapata kusikia vigelegele maishani mwake. Alidhani mtu anachinjwa. Akaita polisi. Polisi alipobisha, mama alifungua na sahani ya visheti mkononi, akidhani ni mgeni wa Idi, akamwambia, "Karibu mwanangu, kula." Nyuma ya polisi alisimama Bi Doroti na gauni lake la kulalia, akifoka: "What's all this hullabaloo?"

Baba alitueleza baadaye kwamba Waingereza hulitumia neno hilo, hullabaloo, kwa kila zogo linalowachosha: wabunge wakizozana, washabiki wa mpira wakitoka uwanjani, magazeti yakishupalia jambo dogo. Ni neno la kulalamikia, lakini mama alilipenda papo hapo kwa jinsi linavyojaa mdomo. Akalichukua likawa lake. Tangu siku hiyo, halabaluu kwetu ni nyumba kujaa watu.

"Idi hii nataka halabaluu," alisema huku akikaanga sambusa, na sisi tumemzunguka tukisubiri zilizopasuka. Wageni wakichelewa alichungulia dirishani: "Jamani, halabaluu yangu iko wapi leo?" Nyumba ilinukia udi na makoti yaliyolowa mvua. Watoto tulilala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni kwa yule, tukipigana mateke. Bi Doroti naye akazoea kuingia kwa mlango wa nyuma kuulizia visheti, akaketi katikati ya kelele hizo hizo akizilalamikia, mdomo umejaa.

Bi Doroti keshakufa, na baba pia. Wanetu, Mungu awaweke, hututumia Idi kwa picha ya waridi linalometameta, nao bado wamejifunika blanketi. Ukiwaambia twendeni kwa bibi, wanauliza kama kuna Wi-Fi. Nawacheka, kisha nakumbuka kwamba ni sisi tuliohama Walthamstow mmoja mmoja tukasema tutakuwa tunakuja. Inaniuma sana.

Idi iliyopita nilikwenda peke yangu. Mama alikuwa amekaanga sambusa nyingi vile vile kama zamani, zimepoa chini ya kitambaa. Nilipokuwa naaga, kijana anayeishi sasa kwa Bi Doroti alikuwa nje akifuta baiskeli. Akanisifia kwa moyo mweupe: mama yako jirani mzuri mno, hatumsikii kabisa.

Mama alikuwa mlangoni. Kiingereza anakijua, lakini alinigeukia mimi.

"Mwambie zamani humu mlikuwa na watu."

Nilirudi ndani, nikavua koti, tukala sambusa baridi. Ile saa ya ukutani imetundikwa pale tangu utoto wangu, na siku hiyo ndiyo kwanza niliisikia ikitembea.