Ubeti Ulionikamata Mpakani

Jamani, hii habari nimeikalia miaka mingi, na leo naisema kwa sababu wengi walioniona siku ile wameshahama Tunduma, ila aibu yake bado naisikia usoni.

Enzi hizo za kanda tulikuwa wawili, mimi na Nzunda, yeye mtunzi na mimi mdomo. Tulikuwa tumemaliza albamu yetu ya hip hop, ya kuamsha watu, rushwa, magendo, zahanati zisizo na dawa, humo ndani hakuna hata wimbo mmoja wa mapenzi (ndiyo maana wasichana walitukwepa). Tulirekodi ng'ambo, Nakonde, kwa Mzambia mmoja mwenye studio nyuma ya saluni, na siku ya uzinduzi mimi nikatumwa kuzifuata kanda, mia mbili. Ukumbi ulikuwa Vwawa, saa nane, na Nzunda alikuwa amemwalika baba yake, mkulima wa kahawa wa Ruanda ya huku kwetu, si ile nchi, na mzee wa kanisa, ambaye kwake hip hop ni uhuni tu. Nzunda aliniambia, "Leo mzee asipotuelewa, narudi kuchuma kahawa."

Sasa nafika mpakani saa tano, foleni ya kulipia mizigo imejikunja mpaka barabarani, nikajiambia, kanda tu hizi, si sukari wala mafuta, nikazitia kwenye gunia, nikamwaga karanga juu, nikakodi baiskeli nikashika njia ya panya nyuma ya soko. Nilichosahau ni kwamba kanda zina makasha ya plastiki. Kila shimo zinalia kachakacha.

Nikatokea barabarani, mbele ya afisa wa forodha, mama mmoja wa makamo, mpole. Akaligusa gunia kwa mguu.

"Karanga gani hizi zinalia, mwanangu?"

Hapo ningesema ukweli yangeisha. Mimi nikamwambia, "Mama, tunaweza kuzungumza," na noti nimeshaikunja kiganjani. Hakuipokea. Alichukua kanda moja, akaitazama picha yangu kwenye kasha, akanitazama mimi, akampa dereva wa lori aliyekuwa kwenye foleni aipige. Sauti ikatoka, na sauti ni yangu:

*Unapita nyuma ya soko, mzigo umeufunika,*
*zahanati ikikosa dawa, wa kwanza kulalamika.*

Wabadilisha fedha wakaacha kazi zao. Mmoja akasema, "Dereva, rudisha hapo kwenye zahanati," na dereva akarudisha, mara tatu, huku mimi nimeshika baiskeli ya watu.

"Huyu anayeimba ni wewe?" mama akauliza.

"Ni mimi, mama. Shikamoo." (Salamu yenyewe ndiyo naikumbuka hapo.)

"Marahaba. Anaimba vizuri. Nenda kapange foleni."

Nikapanga, nikalipa ushuru na faini, nikapewa stakabadhi. Nafika Vwawa saa kumi, na madereva wa malori walikuwa wameshanitangulia na habari. Ukumbi mzima unajua. Baba yake Nzunda amekaa mbele, kofia magotini. Nzunda aliisoma ile stakabadhi kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa na maneno.

"Ule ubeti tuuruke," nikamwambia.

"Hatuuruki. Utauimba, ila useme ni wewe uliyepita."

Niliona afadhali anipige. Lakini nikapanda jukwaani, nikaimba, *nilipita nyuma ya soko, mzigo nimeufunika*, watu wakacheka weee. Mzee akainuka, nikajua anaondoka. Akaja mpaka mezani, akachukua kanda moja, akamwambia mwanawe, "Wengi wanaotuhubiria hapa hawajitaji. Huyu kajitaja."

Nzunda hakurudi kuchuma kahawa mwaka ule. Na mimi mpaka leo nikitoka Nakonde, hata na sabuni mbili, napanga foleni, ingawa yule mama alistaafu zamani.