Simu imemwambia mke wangu anajua kusoma

Jina langu mlifiche, na si kwa uoga. Kangemi hii sijawahi kuogopa mtu. Namfichia mke wangu aibu. Nina miaka sabini na moja, nimechuna ng'ombe kwa machinjio ya Dagoretti tangu ujana na hakuna ngozi imewahi kutoboka mkononi mwangu. Shule niliachia darasa la tatu, lakini kusoma najua, polepole.

Mke wangu hakukanyaga darasa kabisa. Mwaka huu binti yetu anayekaa Ngara akamwekea kwa simu kitu ya kufundisha kusoma, na mitihani ya kujipima. Simu inataja neno, chini kuna maneno manne, unabonyeza lile umesikia. Kila jioni nasikia sauti ya msichana, "Hongera, umepata yote." Nikavimba kwa fahari. Nikaambia wazee wa kanisa mke wangu sasa anasoma kushinda karani wao. Wakampa somo la Jumapili ya akina mama, asome mbele ya watu wote.

Juzi nikampa pakiti ya unga anisomee. Akagonga neno na kidole, akangoja. Akagonga lingine. "Hii haibadiliki rangi," akasema, akacheka, ati macho yamechoka.

Alipoenda sokoni nikachukua ile simu. Nikavua miwani nisione maneno, nikabonyeza ovyo kama kuku anadonoa. Jibu baya linapotea lenyewe. Unabonyeza tena, linapotea, mpaka linabaki moja tu, linageuka kijani. Halafu maua yanamwagika na msichana ananiambia hongera, nimepata yote. Nimepata nini, na sijaona hata herufi moja? Katikati wananitangazia mafuta ya kung'arisha uso. Mbuzi angefuzu huo mtihani. Mtu mzima, msomi, alikaa kwa kiti akatengeneza hiyo takataka, mwanafunzi asiwahi kujua kwamba hajui.

Aliporudi, nikamzunguka kwa mbali. "Mama Agnes, nikusomee hilo somo ulishike kwa kichwa?"

"Mimi si kasuku, Baba Agnes. Maisha yangu yote nimeshika kwa kichwa. Hii nitasoma mwenyewe."

"Basi fungua Bibilia hapa tusikie."

"Utasikia Jumapili. Usinipime kama mtoto. Sema tu ni wivu, umeona nimekupita."

Nikimwambia ukweli, namjua, ataweka hiyo simu chini na hatashika maandishi tena mpaka kaburini. Nikinyamaza, atasimama pale mbele na kitabu wazi, na ni mdomo wangu ulimpeleka. Ningeenda kwa wazee niwaambie wampe mtu mwingine, lakini neno langu sijawahi kurudisha tangu nizaliwe, na sijui linarudishwaje.

Jumapili ni keshokutwa. Amenunua kitambaa kipya cha kichwa, na ameniambia nikae benchi ya mbele nisikie vizuri. Nyinyi mnaosoma hapa, mngekuwa mimi, mngemwambia leo, ama mngeenda kukaa hiyo benchi?