Kwinini Niliyomeza kwa Siri

Walimu wenzangu mnaolea wanafunzi, mmeniomba niwaeleze nilivyougua na kupona. Nimewaza siku nyingi nianzie wapi. Naanzia nilipokuwa mzima.

Nilizaliwa juu Mgeta, nikazoea kupanda mlima na mzigo wa maharage kichwani bila kutweta. Enzi za Wajerumani nilipopelekwa shule ya misheni huku chini Morogoro, nilikula, nililala, nilicheka kama wengine. Mwaka wa mwisho nikashikwa na homa. Nilitetemeka hadi meno yakagongana, nikatapika nyongo. Bruda wa zahanati alinipa kwinini, na siku ya sita homa ikaondoka. Lakini mwenzangu aliyelala kitanda cha pili alikufa wiki ileile. Mwili ukapona, hofu ikabaki.

Kila Jumamosi tuligawiwa kwinini, kidonge kimoja kimoja, ili homa isituingie. Kwa uchungu wake wengi walikificha shavuni, kisha wakakitema nyuma ya jiko. Nikawaomba wanipe mimi, nami niwafulie mashati. Nikawa nameza asubuhi na jioni, nikidhani najikinga.

Masikio yakaanza kulia kama nyenje. Macho yakaingia ukungu, chakula kikanikataa, suruali ikanivuka kiunoni. Hata katika misa niliweka vidole shingoni nikihesabu mapigo ya moyo. Nikasema homa inarudi, nikaongeza kidonge. Darasani sikusikia nilipoulizwa swali la Kijerumani, nikachapwa viboko nikidhaniwa nina kiburi. Padri mkuu akasema, "Mtihani u karibu. Asipotengemaa mwezi huu, arudi kwao." Nilitaka ualimu kuliko kitu chochote. Hofu hiyo nayo nikaitibu kwa kwinini.

Mlezi wa bweni letu alikuwa Mwalimu Kolumba. Ukoo wake na wetu ni watani, na kwetu mtani huja penye ugonjwa akakutukana, wala huna ruhusa ya kukasirika. Adhuhuri moja aliingia, akaketi kitandani kwangu bila kukaribishwa, akachukua muhogo wangu akatafuna.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Unakufa lini, mtani? Nataka kujua kama nikuzike kabla ya mavuno au baada."

Nilicheka. Sijui kicheko kilitoka wapi. Nyuma yake yakaja machozi.

"Naogopa, Mwalimu."

"Naona. Lakini mfu gani huyu anayefua mashati ya watu ishirini? Wanakupa nini?"

Nikainua mkeka; chini yake palikuwa na akiba yangu. Aliviangalia vile vidonge akaacha kutafuna.

"Ewe mlafi! Umekula dawa ya bweni zima!"

Kisha sauti yake ikashuka. "Bruda lazima ajue leo, na Padri pia. Sitawaficha. Unataka niseme mimi, au useme nami nikiwa pembeni?" Nikachagua kusema mwenyewe. Bruda alinipima, akasema, "Homa haimo. Huo mlio ni kwinini. Usimeze hata kimoja mpaka nikuambie."

Siku tatu nilingoja kufa. Sikufa. Mwalimu alimwomba Padri nisome nusu siku kwanza, naye akakubali. Hakunitaja mstarini, wala hakuwaadhibu walionipa vidonge. Aliwasimamia tu mpaka wameze. Kila alasiri tulipalilia vitunguu bega kwa bega, akiniuliza mambo mawili: nimekula nini, nimelalaje. Nikisema "vizuri tu," alinitukana mpaka niseme kweli. Wiki ya tatu nilimaliza bakuli la ugali na nikalala hadi kengele. Mtihani nilifaulu, nikapewa darasa.

Namshukuru Mungu, namshukuru mtani wangu. Nanyi, mtoto anayenyong'onyea mpelekeni kwanza kwa mganga wa zahanati, maana mwili nao husema. Viboko viwekeni kando hadi mjue anaumwa nini. Msimhoji mbele ya wenzake. Shikeni naye jembe au ufagio, mkono ukiwa na kazi ulimi hulegea. Msimwahidi siri ambayo itamuua. Kama ninyi si watani wake, mtafuteni aliye mtani.

Sikio langu la kushoto halikurudi sawasawa. Nilihofu litanifukuzisha kazi. Mtoto akisema kwa sauti ndogo, hunibidi niiname hadi karibu na mdomo wake na kukaa hivyo mpaka amalize. Naye, nimeona, humaliza.