Mbuzi Sita za Zawadi

Nilitoka Bunia kwa sababu ya barua. Ngabu, dereva wa kamio ya kahawa, aliileta toka Mahagi, imekunjwa mara nyingi. Binti yangu Zawadi aliandika maneno mawili tu: kuja unichukue. Bwana yake Okello, mutu wa upande wa Uganda, alikuwa amemuvunja mukono. Hawakuwa bado na mutoto. Kwa desturi ya kwao, mwanamuke anarudi kwa wazazi siku ile mahari inarudishwa.

Ilikuwa ile miaka ya pesa ya zaire. Mahari tuliipokea miaka sita nyuma, shilingi elfu tatu za Uganda. Niliuza mashini yangu ya kushona, nikapata zaire elfu moja na mia mbili, nikaenda kwa jirani yangu, mwalimu Kasereka wa Butembo, anihesabie. Akaandika kwa karatasi, akacheka.

"Mama Zawadi, weye iko na bahati. Shilingi imeanguka. Leo zaire moja inapata shilingi kumi. Mia tatu inatosha."

"Na hii ingine yote?"

"Ya kwako. Kunywa chai ya sukari mwaka muzima."

Sikunywa chai. Zile mia tisa nikanunua mabati, nikaezeka chumba ya Zawadi.

Siku ya kwanza tulipita Iga na Djugu juu ya magunia. Karibu na Fataki mvua ikatukamata, kamio ikalala mu matope. Pembeni yangu alikaa Mama Uvoya, muuza samaki.

"Unaenda kutembea ao kulia musiba?"

"Ninaenda kuchukua mutoto wangu."

"Basi kula samaki. Hiyo kazi inaomba nguvu."

Siku ya tatu, asubuhi, Mahagi. Nikabadilisha pesa sokoni, nikavuka bariere ya Goli, ya mupaka na Uganda, kwa miguu.

Jua likiwa kati nikafika kwa Muzee Ukumu, baba ya Okello. Mutu wa heshima, sitamusema vibaya. Zawadi akaniletea maji kwa mukono moja. Nikaweka shilingi juu ya mukeka. Muzee akazihesabu, kisha akapanga punje sita za maharagi.

"Mukwe, ile mwaka niliuza mbuzi sita, nikapata elfu tatu. Leo elfu tatu inanunua mbuzi moja. Nilitoa sita, unanirudishia moja?"

"Mwalimu aliandika elfu tatu."

"Mwalimu aliuliza bei ya mbuzi?"

Nikatazama zile punje sita.

"Kwenu mbuzi iko bei gani?" akauliza.

"Zaire mia mbili."

"Mia mbili ukiibadilisha ni shilingi elfu mbili. Hapa mbuzi ni elfu tatu. Basi pesa yenu ikivuka inakonda. Usilete pesa tena. Leta mbuzi."

Nikahesabu kwa vidole. Sita mara mia mbili, elfu moja na mia mbili. Ile ile ya mashini. Mia tisa yake ilikuwa juu ya nyumba yangu, imepigiliwa misumari.

Zawadi alinisindikiza mpaka njiani, nikamuambia nimeezeka chumba yake. Hakulia. "Mama, mabati iko nzuri?"

"Iko nzuri."

Nilirudi Bunia na zile shilingi. Mwaka ukapita ninauza maharagi. Sikuweka pesa tena: ikifika bei ya mbuzi, ninanunua mbuzi. Bei nayo ilipanda kila mara. Zilipotimia sita, Ngabu akazibeba bure.

Safari ya pili sikumbuki njia. Ninakumbuka tu nilifika, Zawadi amekaa kwa mulango, ananyonyesha mutoto wa majuma matatu.

Muzee Ukumu akahesabu mbuzi. "Zimetimia, mukwe. Zawadi iko huru. Lakini mutoto ni wa kwetu."

Zawadi akamufunga mutoto mugongoni. "Mama," akasema, "rudi na mbuzi."

Alinifikisha kwa bariere, mutoto mugongoni, kamba tatu za mbuzi kwake, tatu kwangu. Pale akanipa zake.

Kutoka siku ile, mutu akiniambia pesa hii ni sawa na ile, ninamuuliza: ilinunua nini zamani, na leo inanunua nini, hapa na kule? Nilijifunza nikiwa nimechelewa.

Nilifika Bunia mvua ikinyesha. Nikafungua chumba ya Zawadi, nikaingiza mbuzi zote sita chini ya mabati.